Bembea ya Maji Ilivyochukua Nywele Zangu

Ninamwandikia yule msichana wa Gitaza ambaye mwaka huu nywele zake zilinaswa na mkanda wa mashine ya kusaga mihogo, na mwingine yeyote ambaye saa hizi amelala ameuelekea ukuta ili watu wasimwone. Nilikwenda kumjulia hali. Hakugeuka. Nikamwambia mama yake, "Usimlazimishe," nikaacha samaki wadogo wa ndagala na machungwa mlangoni, nikaondoka. Niliyotaka kumwambia siku ile nayaandika hapa. Mambo ya dawa siyajui, na madaktari wenyewe wapo. Mimi najua tu namna siku zinavyopita ukiwa na kichwa kama changu.

Naitwa Zena. Nilizaliwa Rumonge, mtaa wa Waswahili, nyumba ya fundi cherehani ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Nchi ilipopata uhuru nilikuwa bibi harusi mpya wa Ramazani, fundi wa mashine katika kiwanda cha kukamua mawese. Nilikuwa na nywele nyingi. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu hazipo tena. Zikisukwa zilinifika kiunoni, na mama alikuwa akizipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, kila Alhamisi jioni huku akinikemea nitulie.

Kwa ajili ya sherehe za uhuru, mfanyabiashara mmoja kutoka Bujumbura alileta kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Sisi tulikiita bembea ya maji. Walichimbia nguzo nene ndani ya ziwa, pale maji yanapokufika kifuani, wakaifungia mikono ya mbao kama ya feni, na kwenye ncha ya kila mkono wakaning'iniza kiboti kidogo cha kukaa watu wanne. Injini iliwekwa juu ya jukwaa la mbao kandokando ya nguzo. Ikiwashwa, viboti vilizunguka, vikapiga maji, watu wakalowa na kupiga kelele kwa furaha. Ili kupanda ulipita juu ya ubao kutoka ufukweni mpaka jukwaani, ukaipita injini, ukashukia kwenye kiboti.

Injini ile ilikuwa ya zamani, ya kukamulia ngazi, matunda ya michikichi, na aliyeijua ni mume wangu. Kwa hiyo yule mfanyabiashara alimwomba aiendeshe siku za sherehe.

Matatizo yalianza mapema. Siku ya kwanza mkono mmoja wa bembea ulivunjika, kiboti kikaanguka majini na watu ndani yake. Walitoka wamelowa, wakacheka, nasi tukacheka nao. Wakaupiga misumari, bembea ikaendelea. Kisha mkanda wa injini ukawa unateleza. Kila ulipoteleza Ramazani alilazimika kufungua kile kifuniko cha bati kinachoziba mkanda na magurudumu, aurudishe, afunge tena. Mwenye bembea akachoka kuona foleni inasimama. Akaamuru kifuniko kitolewe kabisa.

Jioni ile Ramazani aliniambia wakati wa kula, "Nilimuambia kifuniko kirudi. Anasema kesho."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa. Si mashine yake?"

Kesho yake nilikwenda mimi na mama. Ilikuwa mchana, kiangazi, ziwa limetulia linang'aa hata macho yanauma. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na leso ya kichwani iliyofanana nacho. Tulizunguka, tukalowa, mama akacheka mpaka akashika mbavu. Sikumbuki kumwona akicheka vile kabla wala baada. Tuliposhuka, ndala yangu moja ikachomoka, ikaanguka kando ya ubao, chini ya injini, mkanda bado unazunguka. Nikainama kuiokota. Leso ilikuwa imelowa na nzito, ikateleza. Nywele zikashuka mbele yangu.

Sikusikia maumivu. Nataka ulijue hilo, wewe wa Gitaza, kwa sababu watu watakuuliza na hutajua ujibu nini. Nilisikia nimevutwa, kama mtu ameniita kwa ukali, halafu nikawa nimelala chali kwenye mbao naangalia mbingu. Injini ilizimika. Ramazani aliutoa mkanda kwa mikono mitupu, na vidole vyake viwili havikunyooka tena maisha yake yote. Kisha nikasikia sauti ya mama, na kwa sauti ile nikajua kwamba ni mimi.

Ngozi yote ya kichwa ilitoka, kuanzia juu ya macho mpaka kisogoni, pamoja na nyusi moja. Mama aliiokota na nywele zake, akaifunga katika ile leso, akaipakata njia nzima ya Bujumbura nyuma ya lori la mawese, akiamini watairudisha.

Hospitali, aliyetupokea alikuwa muganga aliyeitwa Desideri. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa chumba cha kufunga vidonda. Kwao ni Bugarama, huko juu milimani. Mama alimpa leso, akasema, "Iko hii, baba. Nimeichunga vizuri." Desideri aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaingia nayo ndani. Aliporudi aliinama mbele ya mama pale kwenye benchi, akamwambia kwa upole kuwa haiwezi kurudi. Akamrudishia. Mama alikwenda kuizika nyuma ya nyumba yetu Rumonge, akasoma dua, halafu akarudi hospitali kukaa nami.

Kiangazi kile chote nilikimaliza kitandani. Mvua za kwanza zilinikuta bado nimefungwa kichwa chote, nimeachiwa tundu la macho na mdomo. Walikuwa wakikata ngozi nyembamba mapajani mwangu na kuibandika kichwani, vipande vipande. Vingine vilishika, vingine vilioza vikatolewa. Mapaja yaliuma kuliko kichwa. Nililala nimekaa, mto mgongoni, kwa sababu hapakuwa na upande wa kuegemeza kichwa. Lakini kilichonichosha zaidi ni harufu. Yangu mwenyewe. Nzi waliijua kabla ya wageni, na wageni waliijua kabla hawajafika kitandani, nikawaona wakipunguza mwendo.

Desideri alikuwa na namna yake. Wengine walikuja asubuhi, wakashika ncha ya bandeji iliyokaukia kwenye kidonda, wakavuta. Yeye aliilowesha kwanza kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akangoja. Na kila alichotaka kufanya alikisema kabla hajakifanya. "Sasa nainua hapa nyuma. Itauma kidogo. Hapa haitauma. Sasa nakata uzi." Hakuwahi kusema haitauma kisha ikauma. Ukipata mtu wa namna hiyo, mngojee yeye, hata kama benchi ni refu.

Siku moja nilimwomba kioo.

"Leo?" akauliza.

"Leo."

"Nikuletee kikubwa ao kidogo?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikasema kidogo. Akaniletea kioo cha kunyolea ndevu, cha ukubwa wa kiganja, akanifundisha kukisogeza polepole, jicho kwanza, halafu shavu, halafu paji la uso. Nilijitazama kwa vipande. Jicho la kushoto lilikuwa limevutwa juu, halifungi vizuri. Juu yake palikuwa pekundu, pana makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nikamrudishia kioo. Hakuniambia kwamba nitazoea. Alisema tu, "Kesho unaweza kuniomba tena, ao hapana."

Nilirudi Rumonge mvua kubwa zikinyesha. Mama mkwe wangu alinilaki mlangoni, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu," huku akitazama miguu yangu.

Ramazani alikuwa ameacha kazi ya mashine. Alikuwa anachonga makasia na kuziba mitumbwi. Aliniwekea godoro jipya katika chumba cha ndani, yeye akatandika mkeka chumba cha nje. Alisema ni kwa sababu nahitaji nafasi ya kulala vizuri. Chakula alikuwa akiniletea, maji alikuwa akinichotea, akikutana na mtu wa kunicheka njiani alimkamata shati. Lakini uso wangu hakuutazama. Mama akija kunibadilisha bandeji, yeye alitoka akaenda ziwani, na hakurudi mpaka maji machafu yamwagwe.

Tuliishi hivyo miaka. Sijui namna nyingine ya kuisema. Watoto hatukupata, na kwa mkeka ule tungewapata wapi? Wifi yangu alikuja na maneno yake mbele yangu, hata hakusubiri nitoke: "Kaka, huyu tutamtunza sisi. Wewe uoe." Ramazani aliendelea kuchonga kasia lake. Wifi akarudia. Akajibu, "Niko na bibi." Nilitamani neno lile linipe furaha. Lilinipa hasira, kwa sababu alilisema akiwa amenipa mgongo.

Kidonda kilifunga karibu chote isipokuwa sehemu moja utosini, upana wa kifuniko cha chupa. Hiyo ilikataa. Kiangazi ilikauka, ikatoa gamba, tukashukuru. Mvua zikianza, ikafunguka. Kwa hiyo kila msimu wa mvua nilipanda lori kwenda Bujumbura kwa Desideri. Nilijua kila mbao ya benchi la baraza ile. Watu waliokaa karibu nami walijisogeza, nikazoea kuweka kikapu changu pale palipobaki wazi, ionekane kwamba ni mimi niliyetaka nafasi. Yeye akitokeza mlangoni aliita kwa salamu ya kwao ya amani, "Zena wa Rumonge, amahoro!" mbele ya wote, kama vile ananingojea harusini. Mke wake, aliniambia, analima maharage huko Bugarama, na yeye hurudi kwake mwisho wa mwezi. Zaidi ya hayo sikujua mengi kumhusu. Mgonjwa hamuulizi sana anayemtibu, na baadaye hujuta.

Katikati ya miaka ile mama alifariki, kwa homa, haraka. Tangu hapo nilijifunga bandeji mwenyewe kwa kupapasa.

Mwaka 1972, mvua za mwisho wa masika, daktari mpya alisema watajaribu kubandika ngozi kwa mara nyingine pale utosini. Nikakubali kwa uchovu tu. Ramazani alinisindikiza mpaka lori lilipoondoka. Walinikata pajani, wakabandika, wakafunga. Nilikuwa bado hospitali habari zilipoanza kufika kutoka kusini: Rumonge imeshambuliwa, watu wameuawa. Kisha likaja jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza, la watu wa kabila moja, hasa waliosoma, kukamatwa na askari kila mahali na kutorudi. Wagonjwa waliacha kuongea kwa sauti. Barabara ya kwetu ilifungwa. Sikujua kama Ramazani yuko hai.

Asubuhi moja Desideri alikuwa ananifunga bandeji mpya. Mlango ulikuwa wazi. Wanaume walisimama pale, wawili wana bunduki, mmoja hana. Yule asiye na bunduki alimwita kwa jina lake lote.

Desideri aligeuka, akawatazama, akasema, "Ngojeni nimalizie huyu mama."

Wakangoja. Mpaka leo sijui kwa nini walingoja. Alinizungushia bandeji taratibu kama siku zote, ila safari ile hakusema anachofanya. Alisema mengine. "Hii usifungue upesi. Ukifungua, maji yachemke, chumvi kidogo, uloweshe kwanza. Usivute. Na usifanye peke yako, nyuma hukuoni. Bwana wako afanye."

"Hawezi," nikasema. "Hajawahi kuniangalia."

"Utamufundisha." Akafunga fundo. Akanawa mikono, akaifuta kwa kitambaa, akakikunja na kukiweka juu ya meza. Kisha akatoka nao. Nilisikia gari likiondoka. Hakurudi mchana ule, wala kesho yake, wala kamwe.

Nilitoka hospitali nikaenda kwa shangazi yangu, mtaa wa Buyenzi, humo humo Bujumbura. Nikakaa na ile bandeji. Siku za kuifungua zilifika zikapita. Shangazi alisema, "Inanuka, mwanangu," nikasema najua. Alipotaka kuigusa nilimsukuma mkono, mtu mzima na mvi zake. Lile fundo alilifunga Desideri. Niliona kwamba nikilifungua, nitakuwa nimekubali kwamba harudi.

Ramazani alifika kiangazi kikiwa kimeanza. Alikuwa amejificha msitu wa Kigwena, akala ngazi mbichi, kisha akaja na wavuvi wakipita mbali na ufukwe. Alikuwa amekonda, hata kanzu ya marehemu mume wa shangazi ilimpwaya. Hakuniuliza habari za hospitali. Alisimama mlangoni akavuta pumzi, naye akaisikia harufu.

"Nani anakufunga?" akauliza.

"Hakuna. Walimchukua."

Kisha akamwomba shangazi sufuria na chumvi.

Tulikaa uani, jua likiwaka, mimi kwenye kigoda na yeye nyuma yangu. Nikamwambia, "Loweshe. Ngoja. Usivute. Na kila unachotaka kufanya ukiseme kwanza."

"Namwaga maji," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nafungua fundo. Halifunguki. Nakata."

"Endelea."

"Nainua." Mikono yake, na vile vidole viwili vilivyopinda, niliihisi mpaka shingoni. Bandeji ikatoka tabaka kwa tabaka. Kisha akanyamaza, nami nikajua ameona. Miaka kumi nilikuwa nikiuogopa ukimya ule.

"Moteri niliwasha mimi, Zena," akasema.

"Najua."

"Kifuniko nilikijua."

"Najua, Ramazani. Niambie kidonda kikoje."

Akainama karibu, nikasikia pumzi yake kichwani, mahali ambapo pumzi ya mtu haikuwahi kufika isipokuwa ya Desideri na mama. "Pembeni kuna uchafu. Katikati..." Akasita. "Katikati imeshika. Iko ngozi."

Nililia pale, wala si kwa furaha. Ilishika, na aliyeifanyia kazi hayupo wa kuambiwa. Ramazani aliniosha, akanifunga vibaya, bandeji ikanishukia jichoni, akafungua akafunga tena. Usiku alileta mkeka wake chumba nilicholala.

Hatukuwa watu wa furaha baada ya hapo, nisikudanganye. Tuliporudi Rumonge nyumba nyingi zilikuwa na milango wazi na majani barazani, na watu waliobaki walisalimiana upesi na kupita. Lakini kila asubuhi Ramazani alinisafisha kichwa, akisema neno kwa neno anachofanya, hata pale ambapo hapakuwa na maumivu tena. Mvua zilikuja, na kwa mara ya kwanza utosi haukufunguka. Siku hizi ngozi hii haisumbuliwi na mvua. Husinyaa kwa baridi, huwasha kwa joto, na jicho hulazimika kupakwa mafuta kabla ya kulala. Jifunze kufunga kitambaa kwa pamba laini ndani; hariri inateleza, na nailoni inachoma. Kaa kivulini. Mtu akikutazama sana, mtazame yeye pia.

Kulipotulia kidogo nilimwambia Ramazani nataka kwenda Bugarama. Tulipanda milima kwa miguu, tukiuliza. Mke wa Desideri tulimkuta shambani anapalilia maharage, mwanamke mrefu, mkimya. Alitutazama kwa woga mwanzoni, kama walivyokuwa watu wote wakati ule wakiona wageni. Nikamwambia, "Amahoro, mama. Mimi ni Zena wa Rumonge."

Akaliacha jembe. "Zena wa kichwa," akasema.

Nikakubali kwa kichwa. Nilimweleza ile asubuhi, jinsi alivyowaambia wangoje, na jinsi walivyongoja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakuwa ameambiwa lolote na mtu yeyote. Kaburi hakuwa nalo. Nguo za mumewe za hospitali hakuzipata. Alisema, kwa Kiswahili kidogo alichokuwa nacho, "Alisema ile ngozi safari hii itashika. Ilishika?"

Sikuwa nimewahi kuvua kitambaa mbele ya mtu ambaye si wangu. Nikakivua pale shambani, Ramazani amesimama kando, nikapiga magoti kwa sababu mama yule alikuwa mrefu. Akafuta udongo mikononi kwa nguo yake. Akaweka viganja vyote viwili kichwani mwangu, akaanza juu ya jicho, akapita utosini polepole, akafika kisogoni, akarudi. Alifuata kila mshono. Upepo ulikuwa baridi huko juu. Nikabaki nimeinamisha kichwa mpaka aliposhiba.